Kitani si Muujiza

Mwaka wa pili wa vikwazo vya biashara dhidi ya Burundi, dawa zilipoadimika Bujumbura kama mvua ya Julai, watu wa Buyenzi walizidi kumiminika dukani kwa Radhia. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitatu, mzaliwa wa mtaa huo huo, ingawa babu yake alitoka Omani. Mumewe alikuwa ameuawa na risasi iliyopotea njia, akirudi kutoka soko la Jabe. Binti yao Tahani, aliyeolewa Maskati, aliandika barua baada ya barua akimsihi mama yake ahame. Radhia alimjibu kila mara kwamba kitovu chake kimezikwa Buyenzi, na kama kuna wa kuhama, basi watangulie wenye bunduki.

Aliuza viungo, lakini kilichompa jina mwaka ule ni mbegu za kitani, ndogo, za kahawia, zinazong'aa kama zimepakwa mafuta. Zilimfikia kwa mbinde, mikononi mwa wachuuzi waliovuka mpaka wa Kongo pale Gatumba. Mama yake alikuwa akimtilia mbegu hizo kwenye uji tangu utotoni. Radhia hakuuza mpaka azitwange mbele ya mnunuzi, maana mbegu nzima, alisema, hupita tumboni kama mgeni asiyeketi, na unga uliokaa siku nyingi huchacha. Kijiko kimoja asubuhi, na maji mengi juu yake. Wazee waliosumbuliwa na choo kigumu walikuwa wakirudi kumshukuru bila hata kuona haya.

Jovithe, muuguzi wa zahanati ya jirani, ndiye aliyemweleza kilichomo ndani. Zina nyuzinyuzi zinazovuta maji na kulainisha choo, alisema, na mafuta ya aina inayoufaa moyo, na kirutubisho cha mmea kiitwacho lignani ambacho wataalamu bado walikuwa wanakichunguza. Anayezila kwa miezi huenda akapunguza kidogo mafuta mabaya ya damu. Kisha Jovithe akainua kidole: ni chakula kizuri, lakini hakishiki nafasi ya kidonge. Radhia akalishika neno hilo.

Aliyelipuuza ni Hamimu, shemeji yake, ndugu wa marehemu, ambaye leseni ya duka ilihamia kwenye jina lake baada ya msiba. Alipoona foleni, alibandika mlangoni karatasi yenye herufi kubwa: KITANI, DAWA YA PRESHA, SUKARI NA MOYO. HUHITAJI TENA VIDONGE.

Radhia aliibandua. Hamimu akabandika nyingine, akaita na ndugu wawili waje kumkanya. Walimwambia kwamba watu hawana dawa, basi wasinyang'anywe na matumaini. Walimwambia pia kwamba mjane anayegombana na ukoo huishia kulala nje. Radhia alichoka, akanyamaza. Karatasi ikakaa mlangoni wiki mbili, na kila asubuhi alipofungua duka aligeuza uso asiisome.

Miongoni mwa walioisoma alikuwa Mzee Sylvère, karani mstaafu wa posta, mtu wa suti moja iliyopigwa pasi vizuri. Alikuwa na presha ya siku nyingi, na vidonge vyake alitumiwa na mwanawe Bonfils kutoka Kigoma, vichache vichache, kila alipopatikana mtu wa kuvileta. Mzee Sylvère alimwonea huruma jirani aliyekuwa na ugonjwa kama wake, akampa vidonge vyote. Yeye, alisema, atakula kitani.

Jumatatu moja alikuja kununua, akasimama mbele ya meza, akafungua mdomo kusalimia. Neno halikutoka. Upande mmoja wa uso ulishuka, mkono ukaachia kofia, akaanguka juu ya magunia ya bizari. Petroli ilikuwa haipatikani, kwa hiyo wanaume wawili walimlaza kwenye mkokoteni wa kubebea mkaa, wakakimbia naye hospitali huku Radhia akikimbia nyuma amekishika kichwa cha mzee kisigongwe.

Hakufa. Lakini mkono wa kulia ulikuwa umelala, na maneno yalimtoka kwa kuburuta. Siku ya tatu, Radhia aliketi kando ya kitanda, akamweleza mbele ya mkewe kwamba alijua karatasi ile ni uongo na aliiacha. Mke wa Sylvère aligeukia ukutani. Mzee ndiye aliyesema, polepole, akitafuta kila neno.

"Mi sikuamini karatasi, Mama Tahani. Niliamini mulango wako."

Radhia alitoka pale machozi yamemkauka. Alipita moja kwa moja mpaka dukani, akaichana karatasi mbele ya wateja, vipande akavitia mfukoni. Hamimu alipofika akamwuliza kama amerukwa na akili, akamwambia ataandika nyingine kesho.

"Apana, shemeji," Radhia akasema. "Ukiandika, nitasimama chini yake niseme ni uongo. Kila siku."

Hamimu alimpokonya funguo, akafunga duka.

Ijumaa, waumini walipokuwa wakitoka msikitini, walimkuta Radhia upande wa pili wa barabara ameweka meza, kinu na gunia dogo la kitani alilokuwa amelihifadhi nyumbani kwake. Alisimama juu ya stuli ili aonekane.

"Munanijua wote," alisema. "Karatasi ile ilidanganya, na mi niliiacha mulangoni juu ya woga wangu. Leo siogopi. Kitani kinasaidia choo. Pole pole kinasaidia moyo. Hakiponyi tansiyo, ile presha, hakiponyi sukari. Mutu mwenye vidonge ameze vidonge vyake. Mutu aliyekwambia uvitupe, hata kama ni wa nyumba yangu, anakuua."

Hamimu alisukuma watu akamfikia, akamwambia anaaibisha kaburi la ndugu yake. Radhia alimjibu kwamba marehemu alipima pilipili miaka thelathini na hakuwahi kuweka kidole kwenye mizani, kwa hiyo anajua aibu imeletwa na nani. Watu walicheka kidogo, kisha wakasogea pembeni, maana askari wawili wa doria walikuwa wamefika. Mmoja akaamuru watawanyike, mikutano imepigwa marufuku.

"Hakuna mkutano hapa, mwanangu," Radhia akasema. "Kuna kinu." Akashuka kwenye stuli, akaanza kutwanga. Askari alitazama mchi ukipanda na kushuka, akatazama wale wazee wenye kanzu, akaona hana neno la kuandika kwenye ripoti yake. Akaenda zake.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Waliotaka muujiza waliondoka, nao walikuwa wengi. Wengine walimlaumu usoni kwamba amewavunja moyo bure. Hamimu alilifungua duka kwa jina lake, na Radhia hakulipata tena; akabaki na meza yake ya barabarani. Ila Jovithe alianza kuja kila Jumanne na kipimo cha presha, akakaa kwenye stuli ile, na mke wa Sylvère akaja siku moja, akaondoka na kijiko cha unga kwa ajili ya choo cha mgonjwa wake.

Mwezi wa Septemba alikuja mtu aliyeitwa Callixte, ametembea kwa miguu tangu Gatumba. Mkewe ana sukari, alisema, amedhoofika, haoni vizuri, anakojoa mara kwa mara. Alikuwa ameshika bakuli, tayari kupokea. Radhia alimweleza kwamba hana dawa ya mkewe. Callixte akaanza kumsihi, akasema ameambiwa wanawake wa Kiarabu wana siri zao, na yuko tayari kungoja mpaka jioni.

"Siri sina," Radhia akasema. "Nina miguu. Mke wako yuko wapi?"

Alikuwa amekuja naye, akamwacha kivulini, karibu na bomba la maji. Radhia alifunika kinu kwa kitambaa, akamwomba muuza ndizi wa jirani aangalie meza, akaenda kumshika yule mama mkono mmoja, Callixte mwingine, wakaelekea zahanati kabla Jovithe hajafunga.