Tonge la Baba Dunia

Mimi mume wangu simlishi tena, na anayetaka kunisema aje anisemee usoni. Mwaka ule wakimbizi walipojaa huku Kigoma, Assani alipigwa na kiharusi pale Kibirizi, akifunga magunia ya dagaa. Mkono wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito. Hospitali wakampa vidonge vya presha, wakasema afanye mazoezi. Mazoezi gani, na mtu hata kifungo cha shati kinamshinda?

Na binti yetu Dunia alikwisha poswa na Nasri. Kwetu Waislamu, baba humshika bwana harusi mkono wa kulia, akamtamkia kwamba anamwozesha. Shemeji yangu akaanza kiherehere: "Kaka apumzike, nitaozesha mimi." Assani alilia. Machozi yale yaliniuma kuliko siku aliyoanguka.

Nikamwita Ndayikunda, mama wa Kirundi kutoka kambini, anayesifika kwa kuchua. Akachemsha majani yake, akapasha mawese, akauchua mkono kuanzia begani. Nikamwuliza kama vidonge sasa tutupe.

"Oya, hapana! Ameze kila siku. Presha si kazi yangu, mimi ni wa mkono."

Mchana nikapakua ugali wa muhogo kwa samaki, migebuka wa ziwani, nikakata tonge, nikampelekea mume wangu mdomoni kama kawaida. Kula kwa kushoto alikataa katakata, heri alale njaa. Ndayikunda akanidaka kiganja.

"Mama Dunia, wewe ndiye unayeuua huu mkono."

Jamani, nilichemka! Mimi ninayemwogesha, ninayemgeuza kitandani! Nikamwambia achukue mawese yake arudi alikotoka. Akacheka tu, akamsogezea Assani sahani. "Ana njaa. Mkono utaitafuta njia. Buhoro buhoro, polepole."

Siku hiyo Assani aliambulia harufu. Zilizofuata, matonge yaliangukia mapajani, ndevuni, kila mahali isipokuwa mdomoni. Kuku wetu walinenepa! Nami nilikuwa nakalia mikono yangu isije ikamsaidia. Hata mchana mmoja tonge likafika, limepinda lakini limefika. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kuna aliyejifungua.

Siku ya ndoa nilichungulia penye pazia. Shehe aliuliza nani anaozesha. Shemeji akajivuta mbele na kanzu yake mpya. Assani akanyoosha mkono. Ulitetemeka, ukafika, ukamshika Nasri.

"Na-kuozesha... binti yangu... Dunia."

Polepole, lakini chumba kizima kilisikia. Roho yangu ikatulia. Halafu nikaona vidole vyake vinafinya, vinaviringisha, vinafinya tena. Yarabi! Alikuwa anakata tonge, na tonge lenyewe ni kidole gumba cha mkwe wake! Nasri jasho likamtoka.

"Nimekubali! Nimekubali, baba! Sitamtesa!"

Watu wakaangua kicheko, na Assani akacheka kuliko wote. Mimi nikacheka huku nalia.

Pilau lilipoletwa kwetu wanawake, nikamvuta Ndayikunda akae kando yangu. Nikakata tonge la kwanza, nikampelekea mdomoni.

"Mama Dunia, mimi mkono wangu mzima," akalalamika.

"Nyamaza ule," nikamwambia.