Pole kwa Mama Gozbert

Mwaka jana mtoto wa Anjelina aliporudishwa darasa la nne, Kokushubila alimcheka pale bombani mpaka ndoo yake ikafurika. Yeye mwanawe Gozbert alikuwa mwaka wa pili kwenye chuo cha Kampala, na hapa Temeke habari hiyo hakuna asiyeijua, hata mbuzi.

Sasa ikaja barua ya Gozbert. Anahama, amechukuliwa na chuo kikuu kimoja cha Uingereza ambacho watoto wa Wazungu wenyewe hukililia na wengi wao hukikosa. Kokushubila akavaa gauni la kanisani siku ya Jumanne, akaita majirani, akampa karani Ansbert barua aisome kwa sauti.

Ansbert akasoma vizuri mpaka mstari wa mwisho: huko Gozbert ataanza upya, mwaka wa kwanza.

Mzee Kasiani, mchonga vinyago, akaguna. "Si neno, Mama Gozbert. Hata mie gogo likinishinda naanza jingine."

"Hajashindwa," Kokushubila akafoka. "Chuo chenyewe ndivyo kilivyo. Anayehamia pale lazima aanzie chini."

"Ndivyo walimu wanavyosemaga," mtu akanong'ona.

Wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu na pole yake. Anjelina akabaki wa mwisho, akamshika mkono taratibu kama yuko msibani.

"Usilie, shoga," akasema. "Wangu naye alirudia darasa, ila hapa hapa Temeke. Wala hatukumpandisha meli."