Mtoto Asiyesumbua

Kila aliyeingia chumbani kumtazama mtoto alitoka akimsifu. Hasumbui, walisema, analala tu. Mama yake alikuwa msusi, na aliyesifu kuliko wote ni wifi yake, aliyekuja kumsaidia baada ya kujifungua.

"Wifi, umejaliwa. Wangu walilia mpaka majirani wakahama. Huyu ametulia kama bosi aliyetoka kula."

Msusi alicheka, lakini matiti yalikuwa yamejaa hadi yanauma. Tangu asubuhi mtoto alikuwa akinyonya mara mbili tatu, anaachia, analala kinywa wazi. Alimkuna nyayo, akamfuta uso kwa kitambaa chenye maji. Mtoto alikunja uso, akaendelea kulala. Msusi akatamani alie, alie mpaka paa litikisike.

Akamsogeza dirishani, akamfunua. Macho yalikuwa ya manjano, na umanjano ule umeshuka kifuani hadi miguuni.

"Muanike juani kidogo," wifi alisema. "Wote huzaliwa hivyo."

"Wote hawakatai kunyonya, wifi. Niletee viatu vyangu."

Wifi alimtazama usoni, akaacha ubishi, akatoka kutafuta teksi.

Wodini, muuguzi alimbonyeza mtoto paji la uso kwa kidole, kisha tumbo, kisha mguu. Akatoa damu kisiginoni. Mtoto alijikunja tu.

"Umefanya vizuri kumleta, mama. Manjano kidogo huwapata vichanga wengi, na mara nyingi huisha yenyewe. Ila ikifika miguuni, au mtoto akigoma kunyonya, akawa mgumu kuamka, usingoje kesho. Akiwa na homa au akipumua kwa shida, vilevile. Na jua si dawa yake."

Wifi akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Mtoto alivuliwa nguo, akafunikwa macho, akalazwa chini ya taa za buluu za kutibu manjano. Msusi alikamua maziwa, wakamnywesha kwa mrija. Kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki nje ya kioo. Mikono yake ilizoea kushika vichwa vya watu kutwa nzima. Sasa haikuwa na cha kushika. Alikunja shuka ya mtoto, akaikunjua, akainusa, akaikunja tena.

Mumewe, dereva wa lori, alipiga simu kutoka safarini. Alikuwa bado hajamwona mwanawe.

"Niwekee simu karibu naye," alisema. "Hata kama hafanyi kitu."

Akaiegemeza simu kwenye kioo. Wote wawili wakasikiliza mlio wa mashine.

Kesho yake mtoto alilia, kilio chembamba chenye hasira, na msusi akalia naye. Akaruhusiwa kumnyonyesha. Alinyonya kwa pupa, halafu muuguzi akanyoosha mikono kumrudisha kwenye taa.

"Kidogo tu, dada," msusi aliomba.

"Kidogo tu," muuguzi alikubali, akageukia kitanda kingine.

Damu ilipopimwa tena, hatari ilikuwa imepita. Wakaruhusiwa kwenda, kwa sharti la kurudi kupimwa. Nyumbani, wifi alinawa mikono, akaja mbio.

"Haya, nami nimpakate."

"Ngoja kidogo," msusi alisema. Akaketi kitandani na mwanawe kifuani, na chai aliyoandaliwa ikapoa mezani.