Vidonge vya Stamena

Vidosava alianguka mara ya kwanza kwenye sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wao, mbele ya padri, uso wake ukatua ndani ya sahani ya ngano ya kuchemsha. Watu walimfuta ngano puani huku wakinong'ona kwamba amelewa rakija. Afadhali ingekuwa pombe. Mlevi akiamka huwa amesahau. Yeye alikumbuka kila punje.

Mara ya pili alianguka kwenye foleni ya mkate. Hapo mwanawe Ljubisha akasema imetosha: kama ni moyo, mama anahamia kwake mjini, ghorofa ya nne, na kuku wauzwe.

Basi wakaenda kwa daktari, na Stamena jirani akajipachika safarini, maana huyo haachwi nyuma hata kwenye msiba wa watu asiowajua.

Daktari, binti mwenye mikono ya baridi, alimpima moyo kwa nyaya, hakuona kitu. Akamlaza, akampima presha. Nzuri. Akamsimamisha ampime tena.

"Usiegemee, bibi."

"Mwanangu, mimi nimesimama tangu vita, leo ndiyo..."

Hakumaliza. Magoti yalilegea, Ljubisha akamdaka kwapani.

"Presha inaporomoka akisimama," daktari akasema. "Bibi, unatumia dawa gani?"

"Mimi? Hata moja. Buheri wa afya."

Stamena alikohoa, akatazama viatu vyake.

"Kama hakuna dawa, hospitali kubwa watakuwekea kifaa chini ya ngozi ya kifua, kiusikilize moyo," daktari akasema.

"Na utakaa kwangu," Ljubisha akadakia.

"Kimoja asubuhi," Vidosava akasema polepole. "Na kimoja jioni."

"Vidonge vya nani?"

"Vya huyu."

Aibu hii iliipita ile ya ngano. Kila asubuhi wajane wa mtaa hunywa kahawa kwa Stamena, mashine ya presha ikizunguka mezani pamoja na jamu. Kila mmoja ana presha yake, anaisimulia, anapewa pole. Vidosava peke yake hakuwa nayo. Wakimpima walisema, "Ah, msichana wewe!" na kumpokonya mashine. Siku moja akadanganya kwamba nyumbani presha humpanda, ila madaktari anawaogopa. Stamena akamhurumia, akawa anamgawia vidonge vyake vya presha.

"Mama! Umeiba ugonjwa?"

"Nimeazima."

Daktari hakucheka. Alimgeukia Stamena. "Ukimgawia, wewe unabaki na nini?"

"Nusu. Inatosha, mimi mwili mdogo."

Daktari akamfunga kitambaa cha kupimia presha mkononi, akapampu, akapampu tena. Uso ukambadilika. "Lala hapo. Sasa hivi."

Stamena akapanda kitandani akitabasamu kama mtu aliyefumaniwa. "Kichwa kinanigonga wiki nzima. Nikadhani ni upepo wa dirishani."

"Shoga, mbona hukuniambia?"

"Ungevirudisha."

Vidosava alitamani ardhi ipasuke immeze. Ljubisha akamshika kiwiko. "Twende nyumbani, mama. Moyo wako mzima kabisa."

"Tangulia wewe," akasema.

Akavuta kiti, akapakata mkoba wa Stamena. Usoni hakuthubutu kumtazama. Alitazama miguu ya rafiki yake iliyochomoza kwenye shuka, soksi moja imetoboka kidoleni, akaivuta shuka mpaka kidole kikafunikwa.