Ngokela ya Hildegardi

Kila alfajiri Hildegardi aliwasha jiko, akainjika birika, akakanda unga wa maandazi, kisha akaliambia birika, "Hakuna tabu." Alilisemesha birika kwa sababu Otilia, msaidizi wake, alikuwa ameolewa Mbaha tangu Krismasi, na katika hoteli nzima hakubaki mwingine wa kuzungumza naye.

Siku hiyo neno halijamtoka lote, mlango ukagongwa. Alikuwa Bwana Maendeleo Mwinjuma, ofisa wa wilaya, mtu wa Pangani, ambaye kwa baridi ya Mbinga alivaa makoti mawili, moja juu ya jingine.

"Chai bado, Bwana Maendeleo."

"Sikufuata chai, dada. Jumatatu inaanza semina ya vijiji vya ujamaa. Wajumbe sitini, siku saba, chai mara tatu kwa siku. Nimewaambia wakubwa, Mbinga hii hakuna hoteli kama yako. Utaweza? Kama huwezi, sema mapema, walete mpishi wao kutoka Songea."

"Hakuna tabu," alisema Hildegardi. Mdomo ulikuwa umeshazoea.

Alipobaki peke yake, akahesabu vikombe, akavihesabu tena. Mpishi wa Songea! Mtu kama huyo akishaonja kukaa jikoni mwako, nani atamtoa? Siku mbili zilizofuata alimtilia karani wa posta chumvi kwenye chai, akamwamkia mbuzi "Shikamoo," na akampa padre andazi bichi. Padre, mtu wa huruma, alilila lote, akaomba maji.

Ndipo akakumbuka ngokela. Kwao Mkumbi mtu akizidiwa na shamba hasemi kwamba ameshindwa. Anapika chakula, anaita ngokela, na majirani wanakuja kumlimia. Hakuna anayeuliza kitu. Magugu yamekwisha kumsemea.

Akatuma salamu kwa lori la kahawa: Jumamosi, ngokela kwa Hildegardi.

Ijumaa kutwa alipika kande ya watu thelathini ili apate wa kumsaidia kupika chai ya watu sitini. Hata hivyo hakuona kasoro yoyote katika mpango huo, mpaka Jumamosi asubuhi alipowaona wakishuka mtaani kwa nyimbo, shangazi yake Kunigunda mbele, kila mmoja na jembe begani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Shamba liko wapi?"

"Kwanza... kwanza mle."

"Tule kabla ya jembe? Haya, mambo ya mjini!"

Wakacheka, wakala. Kande ikaisha, shangazi akauliza tena habari za shamba. Hildegardi akawaletea chai. Chai ikaisha, akawaletea maandazi. Alikuwa akitafuta sentensi, na kila alipoikaribia, alijikuta ameshika sahani.

Shangazi akachoka kungoja, akachungulia uani. "Kumbe ni hapa! Mtoto anaona haya, kashamba kenyewe kadogo kama kilemba!"

"Shangazi, ngoja—"

Nani angoje? Walishashiba, na jembe la ngokela halirudi nyumbani bila udongo. Wakafyeka nyasi, wakazipanga miraba miraba, wakachimba mashimo ya ngolo, yale yanayochimbwa milimani ili mvua isikimbie na udongo. Ua wa Hildegardi ulikuwa tambarare kama meza. Hata mvua ingetaka kukimbia, isingejua ielekee wapi.

Katikati ya kazi akatokea Bwana Maendeleo, makoti yake yote mawili yamefunguliwa kwa furaha.

"Maajabu! Wajumbe wataona mfano wa kilimo hapa hapa! Ulisema hakuna tabu, dada, kumbe ulikuwa na lako moyoni! Lakini lile jiko la nje la kupikia chai ya wajumbe liko wapi?"

"Lile?" alijibu mtu mmoja. "Lipo shimoni. La tatu kutoka kwenye ukuta."

Shangazi akajifuta jasho. "Haya, mwanangu, tumemaliza. Utapanda nini? Maharage?"

Watu thelathini wakamtazama, na wa thelathini na moja, Bwana Maendeleo, akiwa na daftari. Hildegardi akautazama ua. Hapakuwa na gugu hata moja la kumsemea.

"Hakuna ta..." alianza, akakwama.

"Hakuna nini?"

"Shangazi, hili si shamba. Hapa huwa naanika vikombe."

Majembe yakashuka mabegani. "Sasa, mama, ulituitia nini?" aliuliza shangazi.

"Nimechoka."

Neno lilitoka dogo mno. Birika lililokuwa likichemka ndani lilisikika zaidi. Akavuta pumzi, akamgeukia Bwana Maendeleo, kisha shangazi, machozi na kicheko vikimjia kwa pamoja.

"Nimechoka, shangazi! Wageni ni sitini na mikono ni hii miwili. Sitaki kulimiwa. Nataka watu wa kunikandia unga!"