Niliomba Mhungari Ashinde

Siku ile Athene nzima ilikuwa uwanjani ikimwombea Anargiros ashinde. Mimi, mchumba wake, nilikuwa namwombea Mhungari. Sioni haya kulisema, na waliotaka kunisengenya walishanisengenya wakachoka.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na pete ya uchumba ilikuwa imenikaa kidoleni mpaka imeacha alama. Kwanza nilimsubiri Anargiros amalize jeshi. Kisha nikasubiri dada zake waolewe, maana kwetu kaka haoi akawaacha dada zake nyumbani. Alikuwa nao watatu. Wa kwanza aliondoka upesi, wa pili alichagua sana, na wa tatu alikuwa na ulimi uliowafukuza wachumba kabla hawajavua kofia. Anargiros alibeba makaa ya meli bandarini Pireo mpaka kila mmoja akapata mashuka, masufuria na kitanda cha kwenda nacho kwa mumewe. Alipoolewa yule wa tatu, nilicheza kumshinda bibi arusi mwenyewe. Nilijua zamu yangu imefika.

Kumbe Bi Diamanto, mama yake Anargiros, alikuwa na mambo yake na Bikira Maria.

Chanzo kilikuwa kisahani. Kurusha kisahani ni mchezo wa babu zetu, na katika mashindano ya mataifa yaliyopita wageni walikuja na meli zao wakautwaa ushindi mbele ya macho yetu. Wanaume wazima walilia barabarani. Safari hii waandaaji waliongeza mtindo wa kale: mrushaji apande jukwaa dogo la mbao lenye mteremko, asimame, ainame kama zile sanamu zinavyoinama, kisha arushe bila kuzunguka. Tukasema mgeni atayawezea wapi mambo hayo. Anargiros, na mgongo wake wa kubeba makaa, aliyaweza, na Pireo yote ilimhesabu ameshashinda.

Bi Diamanto hakutaka kubahatisha. Jumapili ya Matawi, mbele ya wanawake wote wa mtaa, alipiga magoti kwenye picha ya Bikira akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni: "Mpe mwanangu ushindi, nami nitakupa yeye. Miaka mitatu avae kanzu nyeusi akutumikie monasterini."

Nilimfuata nje kwa hasira.

"Mama, si ungeahidi mshumaa?"

"Mshumaa kila mtu anaahidi," alisema, akijifunga kitambaa chake. "Bikira ameshachoka na mishumaa."

"Na mimi je?"

"Wewe umeshazoea kusubiri, mwanangu. Miaka mitatu ni kitu gani?"

Nadhiri ikishatamkwa mbele ya picha haifutiki. Hata padri wetu, aliyekuwa akinihurumia, alikuna ndevu tu akaniambia nivumilie. Nikamwendea Anargiros mwenyewe, siku ya pili ya Pasaka, akiwa anamenya yai jekundu kwenye ngazi za nyumba yao.

"Shindwa," nikamwambia.

"Nini?"

"Ushindwe. Kwani huwezi kutupa kitu vibaya? Mbona juzi ulitupa sahani ya mama yangu ikavunjika?"

Hakucheka. "Maruso, watu watakuja kutoka vijijini kwa punda waje kunitazama. Nikitupa ovyo makusudi nitawaangalia vipi? Na wewe utaniangalia vipi?"

"Mimi nitakuangalia vizuri kabisa. Kutoka karibu."

"Siwezi, roho yangu," alisema. "Nitarusha kwa nguvu zangu zote. Nikishinda, nitakwenda. Ukichoka kunisubiri, sitakulaumu."

Neno hilo la mwisho liliniuma kuliko nadhiri. Nilijua ana haki, na nilimchukia siku nzima kwa sababu ya haki yake hiyo. Mama yangu naye alikuwa ameshaniambia waziwazi: miaka mingine mitatu hapana, kuna mgane mmoja muuza samli ameuliza habari zangu.

Basi tukaenda uwanjani. Marumaru ilikuwa inawaka jua, watu wamejaa hadi juu kwenye miti ya kilimani. Mimi nilikaa kushoto kwa Bi Diamanto. Kulia kwake alikaa Baba Nikandro, mtawa mnene mwenye macho ya ucheshi, aliyekuwa akizunguka Pireo kukusanya sadaka. Alikuwa amesikia habari ya nadhiri akaja kumtazama mtumishi mpya.

Kila Anargiros alipopanda jukwaani, Bi Diamanto alijitemea mate mara tatu kifuani, ftu, ftu, ftu, ili jicho la hasidi lisimpate mwanawe. Watu wa nyuma waliposema, "Tazama mabega yale," aligeuka akawatemea na wao pia. Mtu akisifiwa bila kutemewa, hata mtoto mchanga anajua yatakayompata. Bi Diamanto mwenyewe hakuwahi kumsifu mwanawe hata siku moja. Alimwita mvivu, kichwa maji, punda wa makaa, na sote tulijua anamlinda.

Anargiros alirusha, kisahani kikaenda mbali kuwapita wote. Uwanja ukanguruma. Mimi nilipiga makofi kwa ncha za vidole.

"Safi sana," alisema Baba Nikandro, akibugia mbegu za maboga. "Mgongo kama ule ndio tuliokuwa tunautafuta. Kuni zetu ziko mbali, na kupanda kule kwetu si mchezo."

"Kupanda wapi, Baba?" aliuliza Bi Diamanto, macho yakiwa bado kwa mwanawe. "Monasteri ya hapo nyuma ya mji si ina barabara? Nimeshapanga. Kila Jumapili nitampelekea pai ya mboga."

"Monasteri ya hapo nyuma ya mji ina nini na wewe, dada? Ulimwahidi Bikira. Bustani ya Bikira ni Mlima Mtakatifu. Ataenda huko kwetu, ng'ambo kwa Sultani wa Kituruki."

Nilimwona Bi Diamanto akigeuka taratibu.

"Kule wasikoingia wanawake?"

"Kule kule."

"Hata mama mzazi?"

"Dada, kule kwetu hata kuku jike haingii." Akacheka kwa moyo mweupe kabisa. "Usihofu, atakuandikia. Barua kutoka kule hufika, zikipata meli."

Uso wa Bi Diamanto ulibadilika, na kwa mara ya kwanza katika miaka yangu yote ya kumsubiri mwanawe nilimwonea huruma. Alikuwa amefikiri anatoa kitu kidogo, na kwa miaka mitatu angekuwa anakwenda kukitazama kila Jumapili akiwa na pai mkononi. Mume wake alimezwa na bahari, binti zake wote walikuwa nyumba za watu. Alinishika mkono bila kunitazama.

Uwanjani Mhungari alipanda jukwaani. Jamaa mwekundu, shingo kama gogo, na kuinama kwake kulikuwa kwa kuchekesha. Watu walimzomea wakimwambia ameketi chooni. Yeye akarusha. Kisahani kikaruka chini chini, kikateleza angani, kikatua mbele ya alama ya Anargiros kwa upana wa kiganja. Uwanja mzima ukashika vichwa. Mimi nilibana midomo nisicheke.

Lakini Anargiros alikuwa na mrusho mmoja uliobaki. Alipopanda nilijua kwa namna alivyokaza shingo kwamba safari hii angekipeleka hadi Pireo kwenyewe. Roho ikanitoka. Watu walisimama wakiliita jina lake. Yeye akanyoosha mkono ili wanyamaze, nao wakanyamaza, akajikunja kama sanamu.

Hapo ndipo Bi Diamanto aliposimama.

"Anargiros!" alipaza sauti, ile sauti ya kuita meli. "Mwanangu mzuri! Nani mzuri kama mwanangu? Nani mwenye nguvu kama yeye? Hakuna mama aliyezaa mwana kama wangu, hapa wala kwingine!"

Akafunga mdomo. Hakutema mate.

Wanawake waliokaa karibu walijishika mashavu. Mmoja alianza kujitemea haraka haraka kwa niaba yake, Bi Diamanto akamkanyaga mguu. Kule chini Anargiros aliinua kichwa akatutafuta, mdomo wazi, mkono tayari umeshaanza kurudi mbele. Mguu wake ukateleza kwenye ule mteremko. Akaanguka chini pamoja na heshima ya taifa, na kisahani kikabingirika kwenda kwa wapiga tarumbeta.

Waamuzi walipeperusha kibendera. Mrusho ule haukuhesabiwa. Bendera ya Hungari ikapanda, na watu wangu wakalia tena kama mara ya kwanza. Mimi nililia kuliko wote, na mtu mmoja akanipa leso yake akanisifu kwa uzalendo. Ilikuwa furaha tupu. Nilijisikia kama mtu aliyetua mzigo ambao alikuwa amesahau kwamba anaubeba.

Baba Nikandro alikung'uta maganda ya mbegu kwenye kanzu yake. "Dada," alisema, "umemtia mwanao jicho baya."

"Nimemsifu mwanangu, Baba. Bikira naye ni mama. Nani ataniadhibu kwa hilo?"

Mtawa akamshika bega akaenda zake.

Tulimkuta Anargiros nyuma ya uwanja, goti linamtoka damu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilidhani atakasirika. Alinipita mimi akasimama mbele ya mama yake.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana kwa mtu wa ukubwa ule. "Yale uliyosema. Uliyasema ili nianguke?"

"Ndiyo."

Aliinamisha kichwa. Bi Diamanto alilowesha ncha ya kitambaa chake kwa mate, akaanza kumfuta vumbi usoni, nyusi moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Nimesubiri miaka thelathini nipate sababu ya kuyasema," alisema. Kisha akanigeukia mimi, macho mekundu. "Na wewe unatazama nini? Kamwambie mama yako amjibu yule muuza samli akatafute kwingine. Arusi Jumapili ijayo, kabla sijaingia tena kanisani nikafungua mdomo wangu."

Nilikwenda mbio, viatu mkononi.