Kenny Ametoka

Gereji yetu ya Gikondo ina kompyuta moja na watumiaji watatu: mimi Mukunde, karani; Kenny, fundi; na bosi wetu, Mzee Mutabazi. Kila mmoja anaingia kwa jina lake, lakini ruhusa ya kuizima ninayo mimi peke yangu. Niliidai mwenyewe. Nilichoka kukuta barua zangu zimepotea kwa sababu fundi fulani kaona kioo kimeganda, akazima tu kama taa ya choo.

Mwezi uliopita Kenny aliharibu kisanduku kinachoongoza injini ya gari la mteja. Mzee akamwambia kikifa kingine, atafute kazi kwingine.

Alhamisi mchana ngurumo zikaanza. Kukiwa na radi, kompyuta lazima izimwe, ndiyo sheria yetu. Nikabonyeza kuzima, nayo ikaniandikia kwamba mtumiaji mwingine bado yumo na kazi yake inaweza kupotea. Nikapandwa na hasira. Huyo Kenny, kila siku anaacha jina lake wazi anajiendea zake. Hata hivyo nikamuuliza Shimwa, fundi wa kuchomelea, aliyesimama mlangoni.

"Kenny ametoka?"

"Ametoka."

Nikabonyeza ndiyo.

Jamani, mimi niliuliza habari za kompyuta, Shimwa akanijibu habari za mlango. Kenny alikuwa ametoka ofisini, amekaa ndani ya basi dogo la mteja, waya wa kompyuta umepita nyuma ya kabati hadi dirishani, anasubiri kisanduku kimalize kupokea programu mpya. Nilipozima, programu ikakatika katikati. Basi halikuwaka tena.

Mzee Mutabazi alipofika hakuuliza mengi.

"Kenny, nilikuambia."

Kenny alijua ni nani peke yake anayeweza kuizima mashine ile. Hakunitaja. Akaanza kufungua vifungo vya ovaroli, na mimi nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nina miaka sita hapa na watoto wawili shuleni. Sitadanganya, nilinyamaza mpaka kifungo cha tatu.

"Mzee, ni mimi niliyezima."

"Hukuona onyo?"

"Nililiona."

Akamwambia Kenny afunge vifungo vyake. Kisha akaninyooshea mkono, akisubiri funguo za ofisi.